Dynaco Stereo 70: valvu inayowaka nyekundu, transfoma inayochoma, na kipi cha kubadilisha kwanza

Swali: Salaam mtaalamu. Mjomba amerudi Mombasa na amplifaya ya valvu, Dynaco Stereo 70, aliyoitumia miaka mingi huko Marekani. Naiwasha kupitia transfoma ya kushusha umeme, ile ya 220 kwenda 110. Inapiga na sauti ni tamu, lakini baada ya dakika kumi hivi valvu moja kubwa ya upande wa kushoto huanza kuwa nyekundu kwenye bati lake la ndani. Transfoma ya katikati haishikiki kwa moto, na kwenye spika kuna mvumo. Fundi mmoja ananiambia nitoe vyote vya ndani niweke bodi mpya. Mwingine anasema ninunue valvu mpya tu, basi. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Izime, chomoa waya ukutani, na usiiwashe tena ikiwa katika hali hiyo. Valvu ikiungua hasara si kubwa, maana EL34, yaani zile valvu kubwa, zinatengenezwa hadi leo. Hatari ni kwamba mkondo unaoifanya iwe nyekundu unapitia pia kwenye transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo ndiyo thamani ya amplifaya nzima. Vingine vyote vilivyomo kwenye chasisi ile vina mbadala wake sokoni.

Tuanze na jinsi ilivyobuniwa, kwa sababu matatizo yako yote matatu yanatoka humo.

Stereo 70 ilitoka mwaka 1959 huko Philadelphia, kazi ya kampuni ya Dynaco iliyoanzishwa na David Hafler na Ed Laurent. Iliuzwa pia kama vipande vya kujiundia nyumbani, kwa dola 99.95. Jambo hili si la historia tu. Bodi ndogo ya mbele, PC-3, ilitoka kiwandani ikiwa tayari, lakini waya zingine zote zililehemiwa na mnunuzi mwenyewe, pengine mtu ambaye hakuwahi kushika kifaa cha kulehemu. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kifaa chochote, geuza chasisi, chukua kioo cha kukuzia, na kagua kila kiungo. Lehemu iliyopauka, yenye chembechembe au iliyoizunguka waya bila kuishika, ipashe moto upya kwa lehemu mpya.

Sakiti yenyewe ni fupi mno. Kila upande una valvu ndogo moja aina ya 7199, ambayo ndani ya kioo kimoja ina valvu mbili: pentodi (yenye vipande vitano vya ndani) na triodi (yenye vitatu). Pentodi hukuza sauti, triodi huigawa mara mbili kwa awamu zinazopingana kupitia rezista mbili za kilo-omu 47. Kati ya pentodi na triodi hakuna kapasita, zimeungwa moja kwa moja. Baada ya hapo kapasita mbili za 0.1 µF hupeleka sauti kwenye EL34 mbili zinazofanya kazi kwa kusukuma na kuvuta. Ukiongeza GZ34 moja ya kugeuza umeme kuwa DC, jumla ni valvu saba, na kila upande unatoa wati 35.

Ufundi mkubwa uko kwenye transfoma ya kutolea sauti, A-470. EL34 ikitumiwa kama pentodi inatoa nguvu nyingi lakini sauti hukwaruza. Ikitumiwa kama triodi inakuwa safi lakini nguvu inapungua sana. Mwaka 1951 Hafler na Herbert Keroes walitangaza njia ya katikati waliyoiita altralinia: skrini ya valvu (mmoja wa nyavu zake za ndani) haiungwi kwenye chanzo cha umeme wala kwenye anodi (lile bati la ndani), inaungwa mahali fulani katikati ya koili ya transfoma. (Alan Blumlein wa Uingereza alishakuwa na hataza ya muungo wa namna hiyo tangu miaka ya 1930, ila wao ndio walioufanya ujulikane.) Mpango huu unafaa tu kama tabaka za koili zimesukwa kwa ustadi, kwa sababu mrejesho (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili kusahihisha makosa) wa desibeli 20 unatoka upande wa spika, unapita transfoma nzima na kurudi kwenye valvu ya kwanza. Transfoma duni huchelewesha sauti za juu, mrejesho unafika umegeuka, na amplifaya inaanza kujipigia filimbi yenyewe. A-470 haifanyi hivyo. Ndiyo sababu sakiti rahisi namna ile inasikika vizuri kiasi kile, na ndiyo sababu nasema chuma kile kilindwe kwanza.

Udhaifu wake uko kwenye biasi. Biasi ni volti hasi ambayo EL34 inaihitaji kwenye gridi (wavu wa ndani unaodhibiti mkondo) ili isipitishe mkondo kupita kiasi. Dynaco waliweka kirekebishi kimoja tu (kitasa cha kuzungusha cha kuweka biasi) kwa kila upande, na kathodi (vipande vinavyotoa mkondo) za valvu mbili za upande huo wakaziunga pamoja kwenye rezista moja ya omu 15.6. Maelekezo yanasema zungusha kirekebishi mpaka upate volti 1.56 kwenye rezista hiyo, yaani miliampea 100 kwa valvu mbili. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo: betri kavu mpya ya tochi husoma karibu volti 1.56, hivyo mwenye mita ya bei ndogo aliweza kuilinganisha na betri kwanza. Wazo zuri. Lakini mita inasoma jumla. Valvu moja ikichukua miliampea 70 na mwenzake 30, bado utaona 1.56 na kuridhika, huku moja ikichemka. Na hata zikilingana, miliampea 50 kwa volti 430 hivi ni zaidi ya wati 21 kwenye anodi ambayo kikomo chake ni wati 25. Walizibana mno tangu mwanzo.

Sasa umeme wa Mombasa. Transfoma yako ya kushusha, kama imeandikwa 220 kwenda 110, inachofanya ni kugawa kwa mbili. Umeme wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo upande wa pili unapata 120, si 110. Amplifaya ilijengwa kwa volti 117 na hezi 60. Hapa tuna hezi 50, na transfoma yoyote ikishushiwa masafa bila kushushiwa volti, kiini chake hujaa sumaku zaidi. Hesabu ni hii: gawa 120 kwa 117, kisha zidisha kwa 60 gawanya kwa 50. Unapata 1.23, yaani asilimia 23 juu ya kile ambacho mbunifu alikikusudia. Na transfoma hii ya umeme ilikuwa na sifa ya kupata moto hata ikiwa kwao. Huo ndio moto unaousikia.

Dawa ni kupata transfoma ya kushusha yenye matawi (sehemu za kuchagua volti), au ya 240 kwenda 110, yenye uwezo wa VA 500. Amplifaya hii hutumia takriban wati 180 hadi 200 hata ikiwa kimya, kwa hiyo zile za VA 200 za kubebea safarini hazifai. Pima volti mzigo ukiwa umewashwa, usisome kibandiko. Kwa volti 110, nyuzi za kupashia valvu moto zinapata takriban 5.9 badala ya 6.3, na hiyo bado imo ndani ya asilimia 10 inayoruhusiwa. Usishuke hadi 100 kwa tamaa ya kupoza transfoma, kwa sababu nyuzi zitapata 5.4 na valvu zitachakaa mapema. Fahamu pia kwamba nyingi za transfoma hizi zina koili moja tu yenye tawi, hazitenganishi umeme wa ukutani na kifaa. Kwa hiyo toa ule waya wa zamani wa nyuzi mbili, weka wa nyuzi tatu, na ethi uibane kwa boliti yake pekee kwenye chasisi iliyokwanguliwa rangi. Waya wa moto upitie fyuzi kwanza, kisha swichi. Fyuzi ni ampea 3 ya kuchelewa kukatika. Ukikuta ya ampea 10 humo ndani, usishangae, lakini itoe.

Kuhusu ile valvu nyekundu, kabla ya kugusa chochote ndani: kuna volti zaidi ya 400 zinazobaki kwenye kapasita baada ya kuzima. Chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, ifunge waya zenye mpira na klipu, uishikize kati ya kapasita kubwa na chasisi kwa sekunde kumi, kisha hakikisha kwa mita. Mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo.

Kwanza angalia nani anawaka, kwa muda mfupi tu na spika au mzigo wa omu 8 ukiwa umeungwa. Zote nne zikiwa nyekundu, chanzo cha biasi kimekufa. Mbili za upande mmoja zikiwa nyekundu, shaka iko kwenye kirekebishi cha upande huo. Kwako ni moja tu, kwa hiyo badilishana nafasi na jirani yake wa upande uleule. Wekundu ukihama na valvu, valvu ni mbovu. Wekundu ukibaki kwenye soketi ileile, na mara nyingi huwa hivyo, kuna vitu vitatu vya kushuku: kapasita ya 0.1 µF inayovujisha volti chanya kwenye gridi, rezista ya kilo-omu 270 iliyokatika, au mguso dhaifu wa pini ya 5, ambayo ndiyo ya gridi. Hili la mwisho lisidharauliwe Pwani, kwa sababu unyevu wa chumvi hutia kutu meno ya soketi bila kuonekana kwa juu. Yasugue kwa dawa ya kusafishia miguso, halafu yabane taratibu kwa sindano nene. Kule kuchelewa kwa dakika kumi, hata hivyo, kunanielekeza zaidi kwenye kapasita, maana hizi huanza kuvuja zinapopata joto.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kukisia. Unganisha amplifaya kupitia taa ya uzi ya wati 100 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme, ile ya kioo ya zamani na si ya LED. Toa valvu zote. Washa: taa iwake kidogo kisha ififie. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, transfoma ya umeme ina shoti na kazi inasimama hapo. Ikififia, pima pini ya 5 ya kila soketi ya EL34 dhidi ya chasisi. Zungusha vile virekebishi viwili huku ukitazama. Unatakiwa uone volti hasi zinazopanda na kushuka kwa utulivu, ikiwemo eneo la hasi 30 hadi hasi 40 ambako valvu zitafanyia kazi. Andika namba za soketi zote nne. Sasa rudisha GZ34 na zile 7199, EL34 zibaki nje, washa tena na upime upya. Soketi ambayo namba yake imesogea kuelekea sifuri ndiyo yenye kapasita inayovuja. Usizidishe dakika mbili kwenye hatua hii, kwa sababu bila EL34 kuchukua mkondo, volti za juu zinaweza kukaribia 500, na kapasita kubwa ya zamani iliandikiwa 525 ilipokuwa mpya.

Mvumo nao una lugha yake. Ukiwa mzito, wa hezi 100, na upo hata ukichomoa waya za kuingizia sauti, ni kapasita kubwa ya kuchuja iliyokauka, au valvu za upande mmoja zisizolingana. Ukiwa wa chini zaidi, hezi 50, na unabadilika ukigusa au kuchomoa waya za kuingizia, tatizo liko kwenye waya hizo au kwenye ethi mbili zinazozungukana kati ya vifaa. Mlio wa transfoma yenyewe, unaosikika kwa sikio bila spika, ni jambo jingine, na utapungua ukishusha volti kama nilivyosema.

Vya kubadilisha, hata kabla ya kujua nani mkosaji, ni vile vinavyozeeka kwa miaka tu. Kapasita nne za 0.1 µF, weka za filamu za volti 630. Kapasita kubwa ya sehemu nne, 30/20/20/20 µF ya volti 525, inatengenezwa upya kwa umbo lilelile na inaingia kwenye tundu lilelile. Ukikosa hiyo, weka mpya chini ya chasisi, ila za volti 450 hazitoshi, na za zamani uzikate kabisa kwenye sakiti, usiziunge sambamba.

Kwenye biasi kuna rektifaya ya seleni, kipande cha zamani chenye mapezi kinachogeuza umeme kuwa DC. Ikiungua hutoa harufu ya kuoza na moshi wa sumu. Weka dayodi ya 1N4007 mahali pake, pamoja na kapasita mbili mpya za 100 µF za volti 100 badala ya zile za 50 µF. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: volti ni hasi, kwa hiyo mguu wa chanya wa kapasita ndio unaokwenda kwenye chasisi, na mstari wa dayodi unatazama koili ya transfoma. Ukigeuza, kapasita italipuka na EL34 zote nne zitabaki bila biasi. Dayodi ya kisasa haipotezi volti nyingi kama seleni, kwa hiyo biasi itakuwa hasi zaidi kidogo. Kirekebishi kikifika mwisho kabla ya kupata mkondo unaotaka, ongeza rezista iliyo mfululizo mbele yake kwa kilo-omu chache.

Halafu rekebisha ule udhaifu wa mita. Ondoa zile rezista mbili za omu 15.6, na kila EL34 uipe rezista yake ya omu 10, wati 1, usahihi wa asilimia 1, kutoka pini ya 8 (pamoja na pini ya 1) hadi chasisi. Sasa milivolti 400 ni miliampea 40, na unaiona kila valvu peke yake. Miliampea 40 ndicho kiasi ninachopendekeza, si 50. Sauti hutatofautisha, ila valvu na transfoma vitadumu. Nunua valvu zilizolinganishwa, kwa sababu kirekebishi bado ni kimoja kwa jozi. Zikitofautiana zaidi ya miliampea 5, jaribu kuzipanga upya kati ya kushoto na kulia. Usipofanya badiliko hili, basi weka volti 1.25 badala ya 1.56, na kuwa mwangalifu unapopimia kwenye zile soketi mbili za mbele: zilikusudiwa kulisha priamplifaya (amplifaya ndogo ya kutangulia) ya Dynaco, na kwenye baadhi ya pini zake kuna volti za juu zinazoua.

Kuhusu bodi mpya: si dhambi. 7199 zimekuwa adimu na ghali, na PC-3 iliyoungua rangi na kunyanyuka njia zake za shaba haistahili kuhangaikiwa. Kuna pia adapta za kuwezesha 6GH8A kukaa badala ya 7199, kwa sababu pini zao hazifanani. Lakini bodi mpya haiponyi biasi iliyokufa wala haishushi volti za Mombasa, na ukiifunga leo juu ya matatizo uliyonayo, valvu itawaka nyekundu vilevile.

Maboresho mengine nakushauri uyaache. Mtu akikwambia uweke kapasita ya 100 µF mara tu baada ya GZ34 ili kuondoa mvumo, kataa: kikomo cha valvu hiyo ni 60 µF, na ikizidi, kathodi yake inacheza cheche kila unapowasha. Kuiondoa GZ34 na kuweka dayodi pekee kunapandisha volti, tena zinafika kwa ghafla kabla EL34 hazijapata moto. Kinachofaa ni kuongeza 1N4007 moja mfululizo na kila anodi ya GZ34, pini ya 4 na ya 6, mstari ukielekea kwenye valvu. Siku GZ34 ikipata shoti, dayodi hizo zitaiokoa transfoma. Kapasita za 0.1 µF nazo zisiongezwe kuwa 0.47 kwa kutafuta besi. Pamoja na rezista za kilo-omu 270 tayari zinapitisha mpaka chini ya hezi 6, na ukizikuza unavuruga mrejesho kwenye masafa ya chini, koni za spika zinaanza kupumua zenyewe hata bila muziki. Vikapasita vidogo vya pF vilivyo kwenye njia ya mrejesho viache kabisa. Vimepimwa kwa ajili ya transfoma ile.

Ukishamaliza, zungusha virekebishi vyote viwili mpaka volti ziwe hasi kabisa, unga spika au mzigo wa omu 8 wa wati 50 pande zote mbili, kisha washa. Valvu za aina hii haziwashwi bila mzigo kwenye transfoma. Subiri dakika tano, panda taratibu hadi milivolti 350, acha nusu saa, halafu malizia kwenye 400. Rudia kupima baada ya saa kumi hivi za kupiga, kwa sababu valvu mpya husogea. Iweke mahali pa wazi, si ndani ya kabati, na wavu wake wa juu ukiwepo urudishe: glasi ya EL34 inaunguza vidole vya mtoto papo hapo.